Kadi Haijaungua: Laini ya Malalamiko Inanyamazishwa na Watu

KALEHE – Katika teritwari ya Kalehe kuna maneno matatu yaliyogeuka jibu la kila swali: "Mashine iko pane." Mhami wa vita anauliza kwa nini namba ya malalamiko haipokei tena, anajibiwa mashine iko pane. Msikilizaji anauliza kwa nini kipindi cha jioni hakitoi tena sauti za watu wa vijijini, anaambiwa umeme umeunguza kadi. Hapo mjadala unaisha, kwa sababu kitu kilichoungua kinazikwa, hakiulizwi maswali.

Jibu hilo lisikubaliwe tena bila kupimwa. Kadi ya simu inayosemwa kuwa imeungua inaweza kuwa nzima kabisa, imekaa ndani ya seva bila alama yoyote ya moshi, inasubiri kazi ya muda mfupi tu. Kilichopotea ni draiva yake. Na draiva ikipotea isirudi, lawama si ya radi. Ni ya wale waliofunga mashine wakaondoka na ujuzi wote mfukoni, wakawaachia watu wa Kalehe sanduku la chuma na picha za sherehe ya makabidhiano.

Laini ikinyamaza, nani anaumia?

Mtu anayekaa mbali anaweza kudhani haya ni mambo ya mafundi. Watu wa Kalehe wanajua zaidi. Alhamisi tarehe 4 Mei 2023 mvua ilijaza mito, maji na mawe vikashuka juu ya Bushushu na Nyamukubi. Kule Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Maiti zaidi ya 400 zilipatikana, na watu wengi sana hawakuonekana tena. Tarehe 8 Mei nchi nzima iliomboleza. Siku zilizofuata kila familia ilikuwa na maswali yale yale: nani amepatikana, nani amelazwa wapi, orodha ya waliobaki inaandikwa na nani.

Kisha vita ikafika. Januari 2025 M23 walichukua Minova, na Februari ikawa zamu ya Kalehe na Bukavu. Familia ambazo zilikuwa zimekwisha kukimbia mara moja zilifunga mizigo tena. Wengine hawakuwa na mzigo wa kufunga.

Kwa familia kama hizo, laini ya simu yenye mashine ya kujibu ni mlango. Mama anabipa, mashine inampigia yenyewe bila yeye kutumia uniti. Sauti inamwambia kwa Kiswahili au Kihavu: bonyeza moja kama jina lako halimo katika orodha ya chakula, bonyeza mbili kama unatafuta mtoto aliyepotea, bonyeza tatu kama kuna mtu anaomba pesa ili akupe jetoni. Mama huyo hahitaji kujua kusoma. Hahitaji simu ya bei kali. Zaidi ya yote, hahitaji kupitia kwa kiongozi wa kambi, ambaye pengine ndiye anayelalamikiwa.

Laini ikinyamaza, malalamiko hayaishi. Yanarudi mikononi mwa yule anayeandika orodha. Kwa hiyo kila siku ambayo mashine inaitwa "pane" bila mtu kuipima, kuna mtu anayefaidika na kimya hicho. Naye hana haraka ya kumwita fundi.

Shoferi anapoachwa njiani

Ili mtu adai haki yake, ni lazima ajue kidogo jinsi kitu kinavyofanya kazi. Seva ni kompyuta inayowaka usiku na mchana. Kadi ya simu ni kipande kinachochomekwa ndani yake ili iweze kushika laini za simu. Juu yake kuna programu inayopokea simu, inayocheza sauti na kurekodi maneno ya mpigaji. Programu inayojulikana sana kwa kazi hiyo ni Asterisk, iliyoanzishwa na Mmarekani Mark Spencer mwaka 1999.

Lakini Asterisk haijui kuongea na chuma. Katikati ya programu na kadi lazima kuwe na draiva, ambayo ni kama shoferi. Gari linaweza kuwa zima, likawa na mafuta na magurudumu mapya, lakini bila shoferi halitoki Ihusi kwenda Minova. Kwa kadi nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya Asterisk, draiva hiyo inaitwa DAHDI. Hadi mwaka 2008 iliitwa Zaptel. Ilibidi ibadilishwe jina kwa sababu kampuni nyingine ilikuwa na haki juu ya jina hilo. Ni programu huru: inapatikana bila malipo, msimbo wake uko wazi, na hakuna ofisi ya kuombwa ruhusa. Kijana wa Bushushu ana haki juu yake sawasawa na fundi wa Ulaya. Hilo wafadhili hawalisemi siku ya sherehe.

Draiva hii ina tabia moja ambayo ndiyo chanzo cha mkasa wote. Inajengwa kwa kipimo cha kerneli, yaani moyo wa mfumo wa Linux unaoendesha seva. Draiva iliyojengwa kwa kerneli moja haikubaliwi na kerneli nyingine, kama vile ufunguo wa kufuli la zamani usivyofungua kufuli jipya. Kerneli ikibadilishwa, draiva lazima ijengwe upya.

Sasa ifuatwe njia ambayo laini hufia. Siku moja mtu anaunganisha seva na intaneti ya simu yake ili kutuma rekodi Bukavu. Ikiwa mashine imepangwa kujisasisha yenyewe, inatumia nafasi hiyo kushusha na kufunga kerneli mpya. Haipigi kelele. Inaendelea kutumia ile ya zamani kwa sababu haijazimwa, na simu zinaendelea kupokelewa. Wiki zinapita. Halafu inakuja siku ya mawingu, paneli za jua hazijazi betri, na usiku mashine inazimika. Asubuhi inawashwa, inaamka na kerneli mpya, inatafuta draiva, haioni. Laini imekufa.

Zamu anasema aliona taa zimezimika usiku. Karani anasema basi umeme umeunguza kadi. Ripoti inaandikwa, inatumwa, na kila mtu anaamini kwa sababu matukio mawili yamefuatana. Lakini kukatika kwa umeme hakukuvunja kitu. Kulifunua tu kosa lililofanyika wiki kadhaa nyuma, siku ile mashine iliposasishwa bila mtu wa kuijengea draiva.

Vipimo kabla ya mazishi

Haya hayahitaji digrii. Yanahitaji mtu mwenye ruhusa ya kuingia kwenye mashine, na karatasi yenye mistari michache.

Cha kwanza, mashine iulizwe kama inaiona kadi. Amri "lspci" inaorodhesha vipande vyote vilivyochomekwa ndani. Kadi ikionekana katika orodha, hakuna sababu ya kuizika. Isipoonekana, seva izimwe, ichomolewe kabisa, kadi itolewe, ifutwe vumbi na unyevu, irudishwe vizuri, na ikiwezekana ibadilishiwe tundu. Pwani ya Ziwa Kivu ina unyevu, na paa la bati lina vumbi lake. Kadi ikikataa kuonekana hata ndani ya kompyuta nyingine, hapo neno "imeungua" limepata haki yake.

Cha pili, amri "uname -r" inataja kerneli inayotumika leo, na "lsmod" inaonyesha kama draiva imepakiwa. Kadi ikionekana na draiva isionekane, ugonjwa umejulikana.

Cha tatu, draiva iitwe kwa amri "modprobe dahdi" na jibu lake lisomwe. Mashine ikisema haijaipata, maana yake haijajengwa kwa kerneli hii. Ikilalamikia muundo wa moduli, imejengwa kwa kerneli nyingine. Ikitaja ufunguo uliokataliwa au kukosekana, hiyo ni Secure Boot, ulinzi wa seva za kisasa unaokataa draiva isiyotiwa saini. Ulinzi huo unaweza kuzimwa katika mipangilio ya kuwashia mashine, au draiva itiwe saini.

Cha nne, kuna njia ya mkato. Mashine iwashwe upya, na katika menyu ya kuwashia ichaguliwe kerneli ya zamani, ambayo kwa kawaida bado imehifadhiwa. Ikiwa kosa ni kerneli tu, laini inarudi kabla uji haujapoa. Kisha, kwa utulivu, draiva inajengwa kwa kerneli mpya kwa amri "make" na "make install", mradi seva ina vifaa vya kujengea na faili za kerneli zenye namba ileile iliyotajwa na "uname -r".

Cha tano, amri "dahdi_cfg -vv" isome mipangilio ya laini, na Asterisk iwashwe tena. Hatua hii ikirukwa, kadi inakuwa macho lakini bubu.

Na hapa kuna mtego mwingine. Kwa baadhi ya kadi, ufungaji wa DAHDI unatafuta intaneti ili kushusha faili za ndani ya kadi. Aliyeandika mwongozo alidhani kila mtu ana intaneti usiku na mchana. Kalehe watu wananunua megabaiti kidogo kidogo, na siku za mapigano mtandao unaweza kupotea kabisa. Faili hizo zisipowekwa mapema kwenye flashi, kazi inakwama mlangoni.

Zawadi isiyo na tundu

Kuna kosa kubwa kuliko draiva, nalo linafanyika ofisini kabla mashine haijapakiwa kwenye gari. Kadi nyingi za simu zilitengenezwa kwa nchi zenye simu za waya. Zinasubiri waya unaotoka kwenye nguzo. Katika vijiji vya Kalehe simu ni za mkononi: Vodacom, Airtel, Orange. Mtu anaweza kufunga draiva bila kosa hata moja, vipimo vyote vikapita, na bado simu isilie hata mara moja kwa sababu hakuna waya wa kuchomeka.

Halafu kuna vitu vikuukuu. Toleo la 3 la DAHDI liliacha kuhudumia kadi kadhaa za zamani. Kadi iliyotolewa msaada kwa sababu wenyewe wameichoka inaweza kuwa haina tena draiva katika mfumo mpya. Mpokeaji analaumiwa kuwa hajui kufunga, kumbe alipewa gari ambalo shoferi wake amestaafu.

Njia nyingine zipo. Ziko kadi zenye nafasi za kuweka SIM, kama zile za kampuni ya OpenVox ya Uchina, ingawa nazo zinahitaji draiva ya nyongeza juu ya DAHDI. Viko pia visanduku vya GSM vinavyoshika SIM vyenyewe na kuongea na seva kwa waya wa mtandao. Kisanduku cha namna hiyo hakidai draiva ya kadi ndani ya kerneli, basi kerneli ikibadilika hakijali. Zimbabwe, shirika la Kubatana lilipotengeneza Freedom Fone ili watu wapate habari kwa sauti kupitia simu, lilitegemea vifaa vya SIM, kwa sababu simu ya mkononi ndiyo watu waliyokuwa nayo. Walianza na simu iliyo mkononi mwa mwananchi, kisha wakatafuta mashine. Miradi mingine huanza na mashine iliyo ghalani, kisha inamtafuta mwananchi wa kuibebea.

Visingizio na majibu yake

Ukiuliza kwa nini neno la siri la seva halipewi redio wala kamati ya wahami, jibu la kwanza ni siri ya wapigaji. Hoja hii ni nzito na haifai kudharauliwa. Mwanamke aliyebakwa anapoacha ujumbe, maneno yake yakivuja anaweza kuuawa. Lakini kulinda sauti na kutengeneza mashine ni kazi mbili. Rekodi zinaweza kufungwa kwa ufunguo ambao uko ofisini peke yake, kiasi kwamba anayetengeneza draiva hawezi kufungua ujumbe uliokwisha kuhifadhiwa. Ofisi isiyofanya hivyo hailindi siri ya mtu yeyote. Inategemea tu bahati kwamba hakuna aliyeiba seva usiku.

Jibu la pili ni kwamba vijana wa hapa hawana uwezo. Vijana hao hao wanafufua simu zilizoanguka ziwani, wanaunganisha paneli za jua, wanatengeneza redio kwa vipuri vya redio tatu zilizokufa. Wako waliosoma informatiki Bukavu na kurudi nyumbani bila kazi. Kuwaambia hawawezi kuandika amri tano ni matusi, na matusi hayo yana bei: kila pane inageuka safari ya fundi, chumba cha hoteli na posho.

Na fundi huyo, je, atafika? Februari 2025 uwanja wa ndege wa Kavumu ulifungwa. Uwanja wa Goma ulikuwa umefungwa tangu mwisho wa Januari. Aliyezoea kusubiri mtu kutoka Kinshasa aliona mwenyewe thamani ya ahadi hiyo. Ujuzi uliolala mbali hukatwa na vita siku ileile ambayo wahami wanauhitaji kuliko siku zote.

Jibu la tatu ni kwamba masasisho ni usalama, hayawezi kuzuiwa. Ni kweli, seva isiyosasishwa milele ni mlango wazi. Lakini kerneli inaweza kushikiliwa isibadilike hadi siku iliyopangwa, mtu akiwa amekaa mbele ya mashine. Pia kuna DKMS, mfumo unaojenga draiva upya kila kerneli mpya inapofungwa, mradi vifaa vya kujengea vipo. Aliyefunga seva bila moja ya njia hizi mbili aliacha kazi katikati, hata kama alilipwa yote.

Wenyeji nao wasijifiche nyuma ya wageni. Wakuu wa redio na viongozi wa kamati hutia saini PV ya makabidhiano bila kuuliza swali hata moja. Wanahesabu kompyuta, viti na mwavuli wa jua. Neno la siri halihesabiwi, flashi haihesabiwi, karatasi ya maelekezo haihesabiwi. Mpokeaji wa namna hiyo amepokea deni, hata kama alipigiwa makofi.

Kinachodaiwa

Madai ni machache, na hakuna hata moja linalohitaji pesa nyingi.

Kila seva inayoletwa Kalehe iachwe na neno la siri katika bahasha iliyofungwa, ikae kwa watu wawili wanaojulikana. Iachwe na flashi mbili zenye draiva, faili za kerneli inayotumika na faili za ndani ya kadi, ili kazi ifanyike bila intaneti. Iachwe na karatasi ya Kiswahili iliyobandikwa ukutani, yenye vipimo vile vitano na jina la kadi. Vijana wawili wa hapa, msichana na mvulana, waing'oe draiva na kuijenga tena kwa mikono yao kabla mgeni hajaondoka. Na laini ikinyamaza kwa zaidi ya siku moja, redio itangaze hivyo hewani na iwaambie watu wapeleke wapi malalamiko yao wakati huo. Kimya kisichotangazwa ni uongo, kwa sababu mama anaendelea kubipa akidhani kuna anayesikia.

Siku ya makabidhiano pia ibadilike. Kabla ya hotuba na kabla ya kukata utepe, mashine isasishwe mbele ya watu, izimwe kabisa, kisha iwashwe tena. Mama mmoja wa kambini atoe simu yake apige. Ikipokea, wakubwa watie saini na wacheze ngoma. Isipopokea, mgeni avue koti, aketi mbele ya seva, na vijana wa Kalehe wasimame nyuma yake waone anachofanya.